Mkono Usioinuka na Ngamia wa Diriye

Jumatatu, Juni 2
Balaa! Kesi yangu ilibakia hukumu tu. Mashahidi walishasikizwa, pande zote zimefunga, nami nimeshapiga suti pasi. Leo wakili wangu, Bi Nkirote, kanipigia: Diriye, jirani niliyemshtaki, ameomba kesi ifunguliwe upya. Ana ushahidi mpya. Video! Mpwa wake, Sirad, aliirekodi kwenye lango la hospitali, wiki mbili baada ya pikapu ya Diriye kurudi nyuma na kunitegua bega. Simu ikaharibika, juzi ndiyo imetengenezwa. Naonekana nikipokea kamba ya ngamia jike mbele ya wazee.

Nkirote kauliza kwa nini sikumwambia. Nikasema nilidhani ni zawadi ya mgonjwa. Kwetu Machakos wangeleta kuku. Kumbe hapa ukishika kamba mbele ya wazee, umesamehe na mambo yamekwisha. Kusema kweli mmoja wao, Mzee Warfa, alinieleza hivyo siku ile ile, mara mbili. Hilo pia sikumwambia Nkirote.

Jumatano, Juni 4
Nimepata mpango! Ngamia nimempakia lori hadi Habaswein, kwa mfugaji mmoja aitwaye Liban. Kisha nikaapa hati ya kiapo kupinga ombi: sijawahi kumiliki ngamia, na huyo wa kwenye video ni mtu tunayefanana naye. Nkirote kaisoma, kavua miwani, kauliza kama nina hakika. Nikasema asilimia mia. Nilijisikia vibaya hadi wakati wa chakula cha mchana.

Ijumaa, Juni 6
Idd. Miaka tisa duka langu la ushonaji limepakana na la Diriye, na kila Idd ananiletea sahani ya nyama kabla yeye mwenyewe hajala. Leo kapita mlangoni na sahani, macho mbele, kaipeleka kwa kinyozi. Imeniuma kuliko bega. Nilitaka kumwita. Lakini Nkirote alinionya nisizungumze naye kabla ya uamuzi, na mimi ni mtu wa kufuata sheria.

Alhamisi, Juni 12
Hakimu kasema ushahidi mpya haupokelewi ovyo. Lazima uguse kiini cha kesi, na anayeuleta aonyeshe kwamba hangeweza kuupata mapema hata angejitahidi. Simu mbovu imekubaliwa kuwa sababu. Kesi imefunguliwa, nami nitarudishwa kizimbani.

Kuna na kioja kingine. Ngamia kazaa huko Habaswein! Liban, kwa furaha, kampigia shemeji yake kumpa habari za ndama wangu mimi, Mutiso. Shemeji yake ni Diriye. Mbona hakuna aliyeniambia?

Jumanne, Juni 17
Kizimbani. Video imechezwa. Nikashikilia kuwa si mimi. Wakili wa Diriye kasema sawa, basi huyo mtu anawapungia wazee kwa mkono upi? Wa kulia, na umepita juu ya kichwa. Nami nilikuwa nimeapa kwamba tangu ajali mkono wangu wa kulia hauvuki kifua. Nikaruka kueleza kuwa siku ile nilikuwa nimemeza dawa ya maumivu. Nkirote akafumba macho. Hakimu akauliza kama basi ni mimi.

Ijumaa, Juni 27
Kesi imetupwa, na gharama ni juu yangu. Hakimu kanikanya vikali kuhusu viapo vya uongo.

Mchana Diriye kaja dukani, mara ya kwanza tangu video itokee. Kaketi. Kasema wallahi hana kinyongo, jirani ni ndugu, tuyaache. Kaniletea chupa ya maziwa ya ngamia. Nililia, sioni aibu kuandika. Mtu kama huyu nimemburuta mahakamani mwaka mzima! Nimejuta. Nikamshika mkono, nikaapa sitamshtaki tena maishani. Kisha nikanywa nusu chupa.

Saa kumi tumbo limeanza kunguruma. Nimesita. Nimemkumbuka Diriye alivyoketi pale. Nimesita tena. Kisha nimefunga kifuniko vizuri, nikaandika tarehe kwenye chupa na kumwomba kinyozi atie sahihi. Safari hii ushahidi utakuwepo tangu mwanzo.