Mnufaika wa Kwanza

Napenda kuutangazia umma, kuanzia Kikole hadi Lindi mjini na kokote ambako mtandao unashika, kwamba katika kijiji chetu hakuna kidonge kinachoingia bila Kamati kujua. Nasema hayo nikiwa Katibu Mwenezi wa Kamati ya Uratibu wa Uzuiaji wa Uzidishaji wa Dozi, cheo nilichopewa kwa sababu nina kidato cha nne na sauti inayofika mbali hata spika ikizima.

Kamati imefanya mengi. Tumepata vizibao vyenye mifuko. Tumepata bango. Zaidi ya yote tumepata sanduku la dawa ya kupuliza puani, ile inayomrudisha mtu aliyezidisha unga au vidonge vikali vya maumivu hadi pumzi ikaanza kukata. Lilifika kabla ya msimu wa korosho. Msimu ukaja, vijana wakameza vidonge ili wabebe magunia bila kusikia mgongo, na sanduku likabaki na kufuli lake na utepe wake mwekundu, salama salimini. Hakuna aliyeligusa. Huo ndio ulinzi wa rasilimali.

Mwahija, mama lishe wa pale kijiwe cha bodaboda, hakuelewa. Mwanawe Dadi aliwahi kukutwa amelala nyuma ya ghala, midomo imekuwa rangi ya zambarau, akapona kwa kudra ya Mungu tu.

"Shikamoo, mama Dadi," nilimwambia aliponifuata ofisini.

"Marahaba. Nipe moja nikae nayo ndani."

"Halijazinduliwa."

"Sijaomba sanduku. Nimeomba dawa."

"Dawa ambayo haijazinduliwa, kiutaratibu, bado haijawa dawa."

"Na Dadi akizimika tena kabla ya huo uzinduzi wenu?"

"Tutamweka kwenye taarifa ya robo mwaka."

Akaniangalia kama andazi lililokosa hamira, akaondoka zake.

Siku ikafika. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Tawakali, alitoka Lindi kwa gari zuri, lakini ukishaiacha lami barabara yetu haijali uzuri wa gari. Alishuka ameshika kiuno kwa mikono miwili. Ratiba ilikuwa imesheheni: ngoma, risala, hotuba, kukata utepe, chakula, neno la shukrani. Nesi Stella wa zahanati tulimpa mafunzo yenyewe, mwisho kabisa, dakika tano, muda ukiruhusu. Mimi nilijipangia Onyesho la Mtu Aliyezidisha Dozi. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kukoroma hadi majirani wakalalamika.

Kabla ya hotuba Mheshimiwa aliniita pembeni, akaninong'oneza jambo la kiitifaki. Nikachomoka mara moja hadi kijiweni, nikarudi. Jambo hilo halihusiani na habari hii.

Mheshimiwa akashushia soda, akasubiri risala iishe, nayo ilikuwa ndefu, kisha akasimama.

"Vijana, vidonge hivi ni adui," alianza. "Leo ukimeza kimoja, kesho utataka viwili." Akafuta jasho. "Ukimeza viwili..." Akatafakari kidogo. "Viwili si vibaya sana."

Watu wakacheka. Akaketi bila kukaribishwa, kidevu kikaangukia tai, akaanza kukoroma mkoromo mzito wenye maji maji ndani yake.

Umati ukalipuka kwa vifijo. Kikundi cha ngoma kikaingia kati. "Huyu kaiweza," akasema babu mmoja. Mimi niliumia. Kile kilikuwa kipengele changu, na haki lazima itendeke, alinishinda: hadi midomo ilibadilika rangi.

Nesi Stella aliruka viti. Akamwita, akamtikisa, akamsugua kifua kwa konzi. Hakuna jibu.

"Huyu haigizi. Pumzi inakata. Leteni sanduku."

"Sista, halijazinduliwa."

"Lizinduliwe."

"Mzinduaji ndiye huyo."

Msidhani niliishiwa mbinu. Nilimshikisha Mheshimiwa mkasi, nikamkunja vidole, nikamwomba mpiga picha asogee. Mkasi ukaanguka. Nikamshikisha tena. Akakoroma mara moja, kikafuata kimya kirefu. Ngoma zikanyamaza. Ufunguo, kiitifaki, alikuwa nao dereva wa Mheshimiwa, na dereva alikuwa amekwenda kutafuta samaki wa kukaanga.

"Pisha," akasema Mwahija.

Alitoka kwenye pilau la wageni na mchi mkononi. Alilishukia kufuli, komeo likang'oka, utepe ukakatika wenyewe. Stella akachomoa chupa moja, akamlaza Mheshimiwa chali, akainua kidevu, akapuliza tundu moja la pua. Kisha akawa anampulizia pumzi mdomoni, na kila alichofanya alikitaja kwa sauti. Kina mama nyuma yake walikuwa wakiinua videvu vya wenzao, wakijifunza. Mafunzo yalizidi dakika tano na mimi sikuthubutu kugonga kengele ya muda.

Mheshimiwa akavuta pumzi ndefu. Akafumbua macho.

"Nimeshazindua?"

"Tayari, Mheshimiwa," nikamjibu. "Na wewe ndiye mnufaika wa kwanza."

Mpiga picha akapiga.

"Alale ubavu," alisema Stella. "Na asiachwe peke yake. Dawa hii inaweza kuisha nguvu kabla ya alichomeza. Hospitali sasa hivi. Mheshimiwa, umemeza nini?"

"Uchovu wa safari," akasema Mheshimiwa. "Na peremende. Kijiji kama hiki, vidonge ningevitoa wapi?"

Hapo niliona heshima ya Kamati imeguswa. Nikatwaa kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, Mheshimiwa amenena. Hapa hakuna kidonge kinachoingia bila Kamati kujua. Ila namwona mtu anafutika mali ya umma kwenye pindo la kanga. Mama Dadi, rudisha hizo chupa, hazijaandikishwa."

Mwahija hakurudisha kitu. Alikaza pindo vizuri.

"Kasema kweli, Kamati inajua," akawaambia watu. "Katibu Mudathiri huyu huyu kaja kijiweni leo, mbele ya sufuria langu, anawaambia vijana mgeni ana mgongo, wampe vile vikali. Karatasi ya vidonge kaitia mfuko wa kulia wa hicho kizibao."

Mheshimiwa akafumba macho, safari hii kwa hiari yake.

"Vingapi?" Stella akamuuliza.

"Vitatu," akajibu kwa sauti ndogo. "Mbali na vile nilivyokuja navyo."

Stella akaninyooshea mkono. "Lete hiyo karatasi. Daktari ataitaka."

Nikatoa tamko kwamba Katibu Mwenezi hana karatasi yoyote. Spika ilikuwa imezima, lakini sauti yangu ilifika mbali. Watu wote walikuwa wanautazama mkono wangu, ambao, nasikitika kuripoti, ulikuwa umeshauziba mfuko wa kulia.