Kila Mzee na Namba Moja Yake

Leo nimeaibika, na saa nne ya asubuhi ilikuwa haijafika.

Mnajua kazi yangu hapa Kindu: natengeneza programu ya simu kwa chama cha wakulima wa mpunga. Kila kinachoombwa kinaingia kwenye orodha moja. Cha juu kinatengenezwa kwanza, vingine vinangoja. Anayeipanga ni mimi. (Nimesomea kabisa.)

Papa Shabani, mwenye depo ya kuwekea mpunga, alitaka tuanze na hesabu ya mifuko. Papa Lukali, mwenye pirogi, ile mitumbwi ya mtoni, alitaka zamu za kuvusha mizigo. Mama Zaina, mkubwa wa chama, alitaka ujumbe wa kuwaita wakulima wa Kibombo. Sasa umwambie mzee, nyumbani kwake, wali wake ukiwa mdomoni mwako, kwamba yeye ni wa tatu? Nilichapisha orodha tatu. Kila mzee akapewa yake, ombi lake likiwa juu kabisa.

Leo wakaitana wote mtaani Mikelenge, nami nikaitwa, waamue kama kazi ibaki kwangu au iende kwa mafundi wa Bukavu.

Papa Shabani akakunjua karatasi. "Mimi njo wa kwanza."

"Wa kwanza wapi?" Papa Lukali akakunjua yake. "Ona, iko hapa juu."

Mama Zaina akavaa miwani, akazilaza zote tatu mezani.

"Mutoto wangu, kila muntu ulimupa cheo?"

"Mama, niliwaheshimu."

"Na mwezi huu wote umetengeneza ya nani?"

Nikawaonyesha simu. Ukurasa wa kijani, katikati suke la mpunga. (Linatikisika.) Hakuna aliyekuwa ameliomba.

Papa Lukali akalitazama sana. "Iko muzuri. Inavusha mufuko?"

Nikairudisha simu mfukoni.

"Wakati wa vita," Mama Zaina akasema, "chumvi ilikuwa kidogo, mimi njo nilikuwa naigawa, mutaa wetu wote unangoja. Nilikuwa naambia muntu: wewe leo hapana. Walinuna. Hakuna aliyekufa kwa kununa."

Akachukua kalamu. Depo kwanza, maana mpunga unaanza kuvunwa. Pirogi ya pili. Ombi lake mwenyewe akaliweka mwisho. Wakulima atawaita kwa mdomo. Dakika tano, na hakuna aliyebisha.

Kazi bado ninayo. Orodha ndiyo imehamia kwake. Nikitaka kugusa kitu, naomba ruhusa.

Mnaotaka kunicheka, pangeni mstari. Wa kwanza ni mke wangu, na bado hajamaliza.