Kulisaka Tundu la Mashua

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo mashua imeingia majini kwa mara ya kwanza tangu tubadilishane na Uweso, yeye anipe mashua nami nimpe pikipiki yangu. Nimempiga bao! Yeye aliiacha nyuma ya nyumba miaka miwili, juani, mbao zimekauka kau. Nimeipaka rangi ya buluu, na ubavuni nimeandika IMAKULATA kwa herufi nyeupe. Mwenye jina ameahidi kwamba Jumapili baada ya misa atapanda, nimzungushe hapa Raskazone, na humo humo atanipa jibu kama atakubali kuolewa nami. Mwaka mzima nimelisubiri jibu hilo.

Tatizo dogo. Maji yanaingia. Nimekaa kidogo tu, viatu chepechepe. Kuna tundu mahali. Idarusi, jirani yangu wa ufukweni mwenye boti ya kubeba watu, alisema niiache humo humo majini, hata ikizama izame, baada ya siku mbili tatu itajiponya. Izame! Nilimshukuru kwa adabu. Ana boti, nina mashua, na wateja ni walewale. Mimi si mtoto. Nimeivuta nchi kavu nilitafute tundu kwa nafasi.

Jumanne, 4 Februari

Mbinu: unga wa ngano. Unaunyunyiza ndani, unaishusha mashua, unga unapolowa kwanza ndipo penye tundu. Nimebuni mwenyewe. Kunguru walikuja ukoo mzima kabla sijafika majini. Unga uliosalia ulionyesha matundu matatu, kisha ukawa uji. Bi Mwanamkasi, anayekaanga mihogo hapa ufukweni, akauliza mbona nafuturisha na mwezi haujaandama. Nilimwamkia shikamoo, basi.

Nimenunua silikoni. Haishiki penye majimaji, kwa hiyo nimeiacha mashua juani kutwa nzima. Jua lilikuwa kali ajabu. Bahati yangu.

Jumatano, 5 Februari

Nimepaka silikoni, nimeshusha. Maji yanaingia sehemu saba! Jana tatu, leo saba. Hapa kuna mkono wa mtu, na mtu huyo namjua. Nimeivuta tena, juu kabisa, peupe, mbali na boti ya Idarusi, nikakaa chini ya mwavuli kuilinda. Hakuja mtu ila Idarusi mwenyewe, na chupa ya maji ya kunywa. Akasema sisi Wasambaa tunaviweza viazi, bahari tuwaachie wenyewe. Maji yake niliyanywa kwa sababu nilikuwa na kiu. Lakini niliyanusa kwanza.

Jioni Imakulata alipita akitoka kazini. Akanieleza kwamba babu yake kule Pangani, mashua ikimkaukia, alikuwa akiizamisha kwa makusudi, mbao zinywe maji, zivimbe, nyufa zijibane. Masikini. Nilimwambia kwa upole kwamba enzi za babu hapakuwa na silikoni. Aliniangalia, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nadhani ni mapenzi.

Alhamisi, 6 Februari

Aibu! Nimeishusha asubuhi, imejaa kabla sijamaliza kuifunga kamba. Maji yalikuwa yakiingia kila mahali, sikujua hata nianze kuziba wapi. Sasa imekaa chini, kwenye maji ya kiunoni, pua tu iko nje, na mwanzo wa jina: IMAK. Vijana wanaonisaidia kuvuta wamegoma. Wanasema wao ni binadamu, si trekta. Bi Mwanamkasi alicheka mpaka mihogo ikaungua.

Mimi sikucheka. Nilisimama pale majini nikalia kidogo. Nampenda yule mwanamke, Jumapili ndiyo hiyo inakuja, na mashua yangu inakaa na samaki.

Ijumaa, 7 Februari

Mbinu mpya: kuazima boti ya Idarusi, nifunike jina lake kwa kitambaa chenye jina la Imakulata. Nilimvizia akitoka msikitini, nikijua moyo wake utakuwa laini. Akasema boti yake ina abiria Jumapili, halafu kwani mimi nina shida gani, mashua ninayo nzima. Nzima! Iko chini ya maji! Dhihaka gani hii? Nimerudi nyumbani Usagara, nimejitupa kitandani na viatu vyangu. Kesho sitoki.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya misa nilimtangulia Imakulata ufukweni. Nilikuwa nimeshaandaa la kumwambia: mashua imeibwa. Nafika, mashua inaelea! Idarusi na wale vijana walikuwa wameshayakumba maji yote na kuyamwaga nje. Nilipapasa mbao moja moja, hakuna hata tone. Imakulata akaja na gauni la njano, nikapiga makasia kama niliyezaliwa baharini. Hata pindo la gauni halikuloa.

Na amekubali! Ila ana sharti. Mama yake anakuja kutoka Mwera mwisho wa mwezi, naye lazima nimpandishe mashua hii hii. Ni mama mnene, haogopi kitu duniani isipokuwa maji. Akishuka salama, posa inapokelewa. Akipata hofu, nisahau. Nilikubali kabla Imakulata hajamaliza kusema. Kwa furaha nilimkumbatia hata Idarusi. Akaninong'oneza kwamba sasa nisithubutu kuitoa majini. Husuda, mpaka siku ya furaha yangu!

Jumatatu, 10 Februari

Nimewaza sana kwa nini imepona. Ni silikoni. Ilikuwa inahitaji muda tu wa kukamata, watu wakanikatisha tamaa. Na yale maji ya siku tatu nusura yaiharibu kabisa, Mungu tu amesaidia. Safari hii sichezei bahati. Vijana wamefurahia habari za uchumba, wamekubali kuivuta. Iko juu kabisa mchangani, imelala ubavu, jua linaipiga tangu asubuhi mpaka jioni. Itakaa hapo hapo mpaka siku ya mama mkwe. Nataka akae pakavu.