Jina la Mjukuu Lilivyonivua Nguo Kasulu

Mwaka huu wa ugali wa muhogo asubuhi na jioni, mahindi yakiwa yamekaukia shambani, nilidhani tabu zangu zimetosha. Kumbe bado. Leo nimejivua nguo mwenyewe mbele ya wakwe!

Nimetoka Kibondo alfajiri, jogoo kwapani, kwenda Kasulu ambako mjukuu wangu anapewa jina. Jina nilikuwa nalo tayari. Langu! Banyanse. Kwa Kiha ni "wamenichukia". (Mama yangu aliwalenga wake wenzake. Kwetu jina ni jiwe, unamrushia jirani bila kugombana.)

Nafika, nani kampakata mtoto? Mkwe mwenzangu, aliyemzaa Neema, mke wa mwanangu. Na kitenge kipya! Siku nane anamnusa peke yake, mimi namwona kwenye simu. Nikameza mate.

Mwanangu Elia akasimama. "Mtoto ataitwa Anasuya."

"La ukoo gani hilo?"

"La Kihindi, mama. Ndilo jina la mama wa yule daktari Mhindi aliyemwokoa mke wangu Neema akijifungua. Ni Kisanskriti, lugha yao ya kale ya sala. Anasuya wa zamani alikuwa mke wa mcha Mungu wa msituni, hodari wa kukaribisha wageni."

"Na maana yake?"

"Asiye na wivu."

Jiwe hilo! Limenipata kwenye paji la uso. Nikainuka na jogoo wangu.

"Nani ana wivu hapa? Mimi? Nimwonee huyu wivu kwa kitenge? Kwa kumwogesha mtoto kila siku? Kwa kuwa mtoto kachukua pua yake? Pua yenyewe nimeitazama mara moja tu!" (Mara tisa.)

Wote wakanigeukia. Hata jogoo.

"Mama," Elia akasema polepole, "hakuna aliyekutaja."

Mkwe mwenzangu akafuta machozi ya kicheko. "Dada yangu, hao Wahindi wa kale habari zako za Kibondo walizipata kwa nani?"

Nyumba ikalipuka! Mchungaji aliyealikwa kumbariki mtoto alicheka mpaka akashika ukuta.

Kisha mkwe mwenzangu akaja, akaniwekea mtoto mikononi. Mzito, ana joto, ananukia maziwa. "Haya bibi, mwite."

"Simwiti hilo jina."

"Ukimwita, unabaki naye hadi jioni."

Jamani, msicheke. Nilimbana kifuani asinipokonye mtu, nikamjibu: "Simwiti hilo jina."