Trei za Mayai Madirishani

Jumatatu, 3 Machi
Fundi wa kuchomelea mageti, tunayepakana naye, ameanza kukata vyuma saa mbili na nusu. Nimefundisha hesabu za sehemu kwa ishara za mikono. Mkaguzi anakuja Ijumaa, na cheo cha mwalimu wa taaluma kiko wazi. Mwalimu wa sayansi, anayesimamia Tano B hapo jirani, anakimezea mate. Hakipati!

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa. Trei za mayai, mia na ishirini, nimezigandisha madirishani na kwenye matundu yote ya hewa. Kimya! Nimesikia hadi chaki yangu inavyokwaruza. Mwalimu wa sayansi kachungulia, kauliza watoto hamsini na wawili watapumulia wapi. Kijicho hicho.

Jumatano, 5 Machi
Joto. Nusu ya darasa wamesinzia. Nimehesabu kuwa ni utulivu. Binti wa mshona viatu, wa dawati la mbele, ameomba mara mbili kutoka nje. Ana pumu, najua. Nikamwambia avumilie hadi kengele. Hakufika kwenye kengele. Tulimbeba hadi zahanati, mimi na mwalimu wa sayansi, midomo yake imebadilika rangi. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile.

Alhamisi, 6 Machi
Yuko salama. Baba yake kaja na aproni yake ya kazini. Nilijiandaa kutukanwa. Alisema tu, "Mwalimu, mwanangu alikuomba."
Nimeona aibu, sikujua pa kuangalia. Mwalimu mkuu kaamuru trei zitolewe. Mwalimu wa sayansi kaenda kwa fundi, kamwomba akate vyuma baada ya saa nane, watoto wakishaondoka. Fundi kakubali papo hapo, akashangaa mbona hatukumwambia mapema. Miaka mitatu tunapakana, na sijawahi hata kumsalimia.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi kapita. Madirisha wazi, upepo mwanana, kimya. Kamsifu mwalimu wa sayansi. Cheo ndiyo basi tena.
Binti karudi. Kaniamkia kwa adabu, kachukua begi lake, kahamia Tano B. Baba yake ndiye aliyeomba. Nimemsaidia kubeba dawati. Pengo lake nimelitazama kipindi kizima, moyo mzito.
Saa sita Tano B wakaanza kucheka. Kicheko chote kinaingilia madirishani mwangu. Nimetafakari: trei zilikuwa nyepesi mno, kasoro ni hiyo tu. Jumatatu naleta magodoro. Na sasa darasani hakuna tena mwenye pumu.