Kinanda Kimekwenda Kutengenezwa

Jumatatu, 3 Juni

Kibonyezo kimoja cha kinanda cha kwaya kimegoma. Cha katikati kabisa! Ukikibonyeza hakirudi juu. Nyuzi, mpiga gitaa wetu, mtu wa vijembe, akasema kinanda kinanuka chai. Kikombe kiliyumba chenyewe.

Fundi redio wa pale kona alisema nikilete, atakifungua nikiwa nimekaa pale pale. Nilimshukuru kwa upole. Chombo cha hadhi hii hakifunguliwi kwa bisibisi inayofungua pasi na feni! Nimekipandisha basi leo hii, kiende jijini, karakana ya kampuni yenyewe.

Mwenyekiti wa kwaya akauliza kama kitarudi kabla ya mashindano ya mwisho wa mwezi. Mwenyekiti ni mama mkwe wangu. Nikamwambia, "Mama, wewe lala usingizi. Hilo niachie mimi." Akanitazama kama anavyokagua nyanya sokoni.

Alhamisi, 13 Juni

Nimepiga simu karakana. Dada wa mapokezi, sauti asali tupu, anasema kinanda kiko kwenye foleni. Jana kilikuwa kinasubiri kipuri. Juzi kilikuwa "kwenye mfumo". Angalau kinatembea!

Kisha nikawekewa muziki wa kusubiria. Umepigwa kwa kinanda. Wao wanacho!

Mazoezini Nyuzi kaja na amplifaya mpya. Hakuna aliyemwomba. Akasema siku hizi kwaya za maana zinaimba kwa gitaa. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Nimeona kwa macho yangu mwenyewe.

Basi ni vita.

Ijumaa, 14 Juni

Mbinu. Nimepiga tena, sauti nzito, nikajitambulisha kuwa katibu wa mheshimiwa fulani, mpenzi mkubwa wa nyimbo za kwaya, ambaye hapati usingizi kwa ajili ya kinanda hicho. Dada akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote. Akasema, "Sawa, kaka. Nimekuzoea hata ukikohoa. Kiko kwenye foleni."

Ananitambua kwa sauti! Mteja wa kawaida hapewi heshima hiyo.

Jumatano, 19 Juni

Vidole visipate kutu. Nimechora vibonyezo kwa mkaa juu ya ubao wa kupigia pasi, safu nzima. Nimefanya mazoezi asubuhi yote. Sijakosea hata noti moja!

Mchana mama mkwe akapita, akaomba kulipiga pasi joho lake jeupe la mashindano. Nilikuwa bafuni. Mke wangu anasema hakuona kitu. Mke wangu alikuwa jikoni, kajiziba mdomo kwa kitambaa, mabega yanatetemeka.

Vibonyezo vimetoka vizuri sana mgongoni. Kwa mbali utadhani ni mapambo. Nilimweleza hivyo mama mkwe. Hakuafiki.

Jumatatu, 24 Juni

Nimekwenda mwenyewe. Basi la alfajiri, suti ya harusi. Kinanda nimekikuta kwenye rafu, ndani ya boksi, kamba ile ile, mafundo yangu mwenyewe. Hakijaguswa! Nikamuuliza fundi wa karakana ni kipuri gani kinachosubiriwa wakati boksi halijafunguliwa. Akajikuna shingo. Akasema kwa kawaida huwa kuna kipuri.

Niligoma kuondoka. Nikakaa juu ya meza yake, ikabidi afungue. Sukari tu, imegandana! Akaifuta kwa pamba, kibonyezo kikaruka juu. Kinanda kizima!

Fundi akanikabidhi nikibebe. Hapo ndipo akili zinapopishana. Nishuke kwenye basi nimejitwika boksi kama muuza magodoro, Nyuzi anichekee? Thubutu! Nimeagiza kiletwe na gari la kampuni, lenye nembo, mpaka mlangoni mwa ukumbi, asubuhi ya mashindano, umati ukishuhudia. Dada wa mapokezi akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia, "Dada yangu, mimi ni hakika yenyewe."

Jumamosi, 29 Juni

Gari halikuja. Simuni, muziki wa kusubiria.

Nikasimama nyuma ya meza tupu iliyofunikwa kitambaa, macho mlangoni. Nyuzi akachomeka amplifaya yake kwa madaha. Paa! Ukumbi mzima ukakosa umeme. Sikugusa chochote, naapa.

Tukaitwa jukwaani. Mama mkwe akageuka, kivuli cha vibonyezo bado mgongoni, akatutazama mmoja mmoja. Akasema taratibu, "Koo tunazo. Tuimbe." Akaanzisha peke yake. Sauti ikamtetemeka mstari mmoja, kisha ikasimama. Sauti ya pili wakaipokea. Besi wakaingia kwa chini, mpaka nikahisi mbao za jukwaa zikinguruma. Miaka yote hii sijawahi kuwasikia hivi. Kinanda kilikuwa karibu mno na masikio yangu. Nilijikuta nalia. Nyuzi pia. Tulishikana mikono, Mungu anisamehe.

Nafasi ya kwanza! Sisi!

Waamuzi wakasifu uamuzi wa busara wa kuimba bila ala. Uamuzi wa nani? Niliinuka nikainamisha kichwa.

Gari la kampuni lilifika wafagiaji wakipanga viti.

Jumanne, 2 Julai

Kwaya imepitisha kuimba bila ala kuanzia sasa. Mama mkwe alitangaza hilo akinitazama kwa upole, wa kwanza tangu nimwoe binti yake. Nimeupokea kama shukrani.

Nimetafakari. Bila mpango wangu, kinanda kingekuwepo, nasi tungeambulia nafasi ya tatu kama kila mwaka. Hakuna aliyelisema hilo, lakini wanajua.

Mama mkwe amekwenda kumsalimia dada yake, kaniachia ufunguo nimwagilie maua. Nimegundua runinga yake ina mstari kwenye kona ya kioo. Mwembamba kama unywele, lakini jicho langu halidanganyiki. Mama hakosi tamthilia yake hata jioni moja. Anastahili picha safi. Nimeifunga vizuri, nimeipandisha basi la mchana, iende karakana ya kampuni. Dada wa mapokezi alinitambua kabla sijamaliza kusema haloo. Akashusha pumzi ndefu. Ya furaha, bila shaka.

Mama mkwe anarudi kesho. Nataka niwepo nimwone uso atakapoingia sebuleni.