Mama Zawadi Hakutoka Jasho

Leo nimeaibika, jamani, na hakuna wa kumlaumu ila mikono yangu hii.

Mnajua nasomea ukufunzi wa mazoezi hapa Louisville, ili niache kazi ya kubeba mizigo kule ghalani. Leo ulikuwa mtihani wa vitendo: kumfundisha mtu mwenye ulemavu mbele ya darasa zima. Nikamwomba Mama Zawadi wa kanisani kwetu, anayetumia kiti cha magurudumu. Alikubali kwa sababu moja tu. Anataka mikono yenye nguvu ya kumtoa kitandani hadi kitini, asingoje binti yake arudi kutoka kazini.

Bon, haya. Nikaingia naye nikisukuma kiti (hakuniomba). Nikampokea mkoba. Kwetu mzee habebi kitu kijana akiwepo, nyinyi wenyewe mnajua!

Nikainua vyuma kumwonyesha. Akanyoosha mkono avichukue. "Acha, Mama, hivi vizito." Nikainua tena. Mpira wa kuvuta, nikavuta mimi. "Vizuri, Mama! Bado kidogo!" Napiga kelele kama kiongozi wa kwaya. Jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi. Kitambaa chake cha kichwa hakikusogea hata kidogo.

Mwalimu wetu, Mmarekani mpole, akaniambia, "Muulize mwanafunzi wako, mazoezi yamekuwaje?"

Nikamuuliza. Mama akajibu kwa sauti ya kutoa ushuhuda: "Mwambie mwalimu kwamba kijana amefanya mazoezi vizuri sana. Mimi nimetazama."

Na mtafsiri ni nani? Mimi! Nikatafsiri. Darasa likaangua kicheko.

Yeye hakucheka. "Mwanangu, nyumbani wote mnanibeba. Nilikuja hapa nijifunze kuacha kubebwa. Hilo nalo mwambie."

Nikamwambia. Kicheko kikakatika. Aibu niliyoiona, sijui niifiche wapi.

Donc, basi, nimefeli. Narudia Ijumaa, na Mama, Mungu ambariki, amekubali kuja tena. Tulipotoka nikashika kiti chake. Akanigeukia tu. Nikaachia. Akajisukuma mwenyewe hadi kwenye gari, polepole, mimi nyuma yake mikono mfukoni.

Chekeni mkitaka. Ila Ijumaa mkinikuta nimekaa kitako, huku mama wa watu anatoka jasho peke yake, msiseme sikulelewa.